Ukuta wa Upande wa Kushoto

Kazini walimwita Mama Sabuni, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani, mpaka wale waliojua jina lake la kuzaliwa wakabaki wachache, nao walilitaja kwa kusitasita. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali. Aliianza mikono yake ikiwa bado laini, akastaafu vidole vimepauka na kucha zimelegea kwa dawa. Mashuka yalishushwa kutoka wodini kwenye vikapu vya magurudumu, na humo ndani mlikuwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukitoa. Wenzake walijifunga vitambaa puani. Yeye hakujifunga. Alisema dobi anayeziba pua ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi.

Tena alikuwa na ulimi, na ulimi wenyewe haukuwa wa kuazima. Damu aliisamehe. Matapishi aliyasamehe. Mkojo wa mtu mzima hakuusamehe hata kidogo; kwake ulikuwa uvivu, basi. Siku moja alipanda wodini na shuka mkononi, akalitandaza mbele ya mzee mmoja aliyelazwa, akamwuliza kwa heshima zote kama angependa lifuliwe au litiwe fremu litundikwe sebuleni kwake. Wodi nzima ilicheka, hata waliokuwa na mishono. Mzee yule aligeukia ukutani, na Mama Sabuni akashuka ngazi akijiona ametoa somo.

Lakini hujafa hujaumbika. Kiharusi kilimkuta uani kwake akianika nguo, kikamlaza chini kibanio bado kiko kati ya meno. Kilichukua upande wote wa kushoto, mkono na mguu na ngozi yenyewe, kiasi kwamba ungeweza kumchoma sindano upande huo asijue. Ulimi hakikuugusa. Majirani walisema hata kiharusi kilimwogopa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, fundi cherehani mpole ambaye alivaa futi ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko. Alikwenda kumchukua mama yake bila kusubiri kuombwa. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa moja. Juu alipanga kijana wa kiwanda cha mikate, na chini aliishi yeye, mkewe, na binti yao aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mama alipewa chumba kilichopakana na bafu, ili safari iwe fupi. Kitanda kilisukumwa mpaka kikabana ukutani, upande wake wa kushoto, asije akaanguka bila kujijua.

Kisha mwana akaazima drili kwa jirani. Mtu wa sindano na uzi akishika drili ni jambo la kutazamwa kwa mbali, na mkewe alitazama kwa mbali kweli. Mwana alifunga chuma cha kushikia ukutani mwa bafu, na skrubu alizochagua zilikuwa ndefu kuliko zote zilizokuwa dukani, maana alitaka chuma kimbebe mama yake, si taulo. Alipomaliza alimshika mama kiunoni, akamkokota taratibu mpaka bafuni, akamwonyesha.

"Kimepinda," alisema Mama Sabuni.

Hata hivyo alikishika kwa mkono wake mzima, akakivuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, nacho hakikutikisika. Baadaye alimwambia mjukuu wake kwamba wako watu wana watoto kumi na hawana mtoto.

Mjukuu huyo alilala naye kitanda kimoja, kwa kupenda mwenyewe. Alitaka hadithi za hospitali, hasa zile zisizofaa watoto. Mama Sabuni, ambaye hakuwahi kusifiwa kwa kubembeleza mtu, alimwachia nafasi kubwa ya kitanda, yeye akajibana ukutani. Mtoto alilala ameushika mkono wake wa kulia, ule unaosikia. Kama ungemwuliza Mama Sabuni wakati huo amebakiza nini duniani, angekutukana kwanza, halafu angekuonyesha mkono huo.

Wiki chache hazikupita, godoro likaanza kulowa.

Mkwe wake ndiye aliyegundua, asubuhi alipokuja kutandika. Alivuta shuka, akagusa, akanusa vidole. Harufu ilikuwa kali, ya kitu kilicholala siku nyingi. Lawama ya kwanza ilimwangukia mtoto, na mtoto alilia mpaka akapaliwa. "Si mimi! Mimi sijakojoa!" Bibi yake alicheka, akasema kikojozi hajawahi kukiri tangu dunia iumbwe. Basi mtoto akahamishiwa chumba cha wazazi wake, iwe majaribio. Asubuhi iliyofuata godoro lilikuwa limelowa vilevile.

Hapo hapakuhitajika hakimu.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali, maana matusi alijua kuyajibu. Mkwe alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ndio uliokuwa ukiua. "Usijali, Mama," alisema kila asubuhi, akimgeuza upande, akimvua gauni lililolowa upande wa kushoto tu, na hakuna aliyejiuliza ni mkojo gani huu unaochagua upande. "Ni ugonjwa, Mama. Si kosa lako." Mtoto aliambiwa asiingie mpaka chumba kipate hewa. Chumba kilipopata hewa, mtoto alikuwa shuleni. Aliporudi kutoka shuleni alisimama kizingitini akasalimia kutoka hapo, maana ameambiwa.

Mwana aliacha kumtazama mama yake usoni. Siku moja Mama Sabuni alimsikia ukumbini akizungumza kwenye simu na shangazi yake, sauti ameishusha kama mtu anayetoa habari za msiba. "Mama sasa amekuwa mtoto mchanga, Shangazi. Ndiyo. Kila siku." Mama Sabuni alivuta shuka likafunika masikio, na kwa mkono mmoja kazi hiyo si ndogo.

Mtu atauliza, na yeye mwenyewe je? Mwanamke aliyenusa mashuka ya hospitali nzima hakujua kilichomlowesha? Pua yake ilimnong'oneza, ndiyo, kwamba harufu ile haikai sawa. Lakini mwili uliomdanganya mpaka ukamwangusha uani angeuamini tena vipi? Upande wa kushoto haukumwambia kitu, si baridi wala majimaji. Na juu ya yote alimkumbuka yule mzee wa wodini. Malipo ni hapa hapa duniani, alijiambia, na deni lenyewe nalijua. Kwa hiyo hakubisha. Aliyekuwa akibishana na wauza mboga mpaka wakamwongezea ili aondoke, alikubali hukumu hii kimya kimya.

Kisha ukaja ushahidi. Wiki moja godoro lilikauka, likakaa kavu siku zote saba. Mkwe alikuwa ameanza kumnyima chai ya jioni, akaona dawa imepatikana. "Leo Mama kajitahidi!" alisema akipiga makofi, kwa furaha ya kweli, kama vile mtu anavyomsifu mtoto aliyefunga kamba za viatu. Mama Sabuni aliona aibu mpaka machozi yakamtoka, lakini pia, Mungu amsamehe, alifurahi. Alidhani amepona. Alihesabu kwamba mtoto atarudi.

Asichojua yeyote ni kwamba wiki hiyo kijana wa juu alikuwa likizo. Kijana huyo alifanya kazi kiwandani usiku, akarudi kabla ya mapambazuko amejaa unga mpaka kwenye nyusi, akaoga kwa muda mrefu. Maji yake ya unga na sabuni yaliteremka kwenye bomba la maji machafu lililopita ndani ya ukuta, katikati ya bafu la chini na kitanda cha Mama Sabuni. Likizo ilipokwisha, godoro likalowa tena. Ikasemwa kwamba Mama anakunywa maji kwa siri.

Hakuwa anakunywa kwa siri. Baada ya hapo hakuwa anakunywa kabisa. Alitia maji mdomoni mbele ya mkwe, akasubiri ageuke, akayatema kwenye kikombe. Midomo ilipasuka. Ulimi ule maarufu ukawa mzito, maneno yakawa yanamtoka machache na makavu, na nyumba nzima ikasema ugonjwa unaendelea mbele.

Kilichoukamata ukuta ni kigae. Kilivimba bafuni chini ya chuma cha kushikia, kikabanduka chenyewe, kikamwangukia mkwe kwenye mguu. Nyuma yake plasta ilikuwa imekuwa tope. Akaitwa fundi bomba, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza aliyejulikana kwa jina la Chura, kwa sababu maisha yake yote aliyamalizia kwenye maji ya watu. Hakuwa na haraka. Alifunga mabomba yote ya nyumba, akaenda kuchuchumaa mbele ya mita ya maji, akaikodolea macho. Mshale haukusogea.

"Maji safi hayana kosa," alisema. "Linalovuja ni la machafu. Hilo halivuji mpaka mtu alitumie. Huku upande wa pili kuna nini?"

"Chumba cha Mama," alisema mwana.

"Twende tukamsalimie."

Waliingia watatu. Chura alitoa shikamoo yake vizuri, akaomba radhi, akashika kitanda upande mmoja na mwana upande mwingine, wakakivuta kutoka ukutani na Mama Sabuni juu yake. Kitanda hicho hakikuwahi kuvutwa tangu siku kilipowekwa. Mkwe alipiga deki kila siku mpaka ukingoni mwake tu, kwa kuogopa kumtikisa mgonjwa.

Rangi ya ukuta ilikuwa imetoa malengelenge. Plasta ilikuwa nyeusi, imebonyea, na kutoka kwenye ufa mmoja, usawa wa godoro kabisa, majimaji yalikuwa yakitoka taratibu. Chura aligusa, akanusa.

"Sabuni na uchafu wa kuoga," alisema. "Na unga, sijui wa nini. Loo! Anayelala hapa analala kwenye mtaro. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Mkwe alijiziba mdomo, akatoka mbio, akasikika jikoni akifungulia maji bila kuosha kitu. Mwana alibaki ameukodolea ufa ule, futi imemning'inia shingoni. Chura hakuelewa uzito wa alichosema, akatoka kwenda kutafuta ngazi ya juu.

Na Mama Sabuni? Alilala pale katikati ya chumba, mbali na ukuta, kama boti iliyokatwa kamba, na moyo ulimdunda mpaka akahisi kitanda kinacheza. Si mimi. Maneno hayo hayo ya mtoto. Si mimi, sikuwa mimi hata siku moja! Hasira ilimrudia, na ilipomrudia ilikuwa tamu, ilikuwa afya. Akaanza kupanga maneno. Angewasimamisha wote kando ya kitanda. Shangazi angepigiwa simu, tena kwa sauti kubwa, apewe habari mpya. Angemwuliza mkwe wake yale makofi alikuwa akimpigia nani, yeye au bomba? Angemwuliza mwanawe ni mara ngapi alilipapasa gauni la mama yake upande wa kulia. Na mtoto angerudi kitandani siku hiyo hiyo. Alipanga neno juu ya neno na midomo yake iliyopasuka ikatabasamu mpaka ikatoka damu.

Huko juu Chura alimwamsha kijana wa mikate, akamwaga ndoo baada ya ndoo kwenye bafu lake. Kisha akashuka, akaingia bafu la chini na mwana wa nyumba, akabandika sikio ukutani. Ukuta ulikuwa umeoza kiasi kwamba Mama Sabuni alisikia kila kitu, hata kupumua.

"Hapa hapa," alisema Chura. "Nyuma ya hiki chuma. Nipe bisibisi."

Skrubu ilianza kulia ikizungushwa. Ilikuwa ndefu, ilichukua muda wake. Ilipochomoka, maji yalichuruzika kwa kuifuata, yakagonga sakafu.

"Ohoo!" alisema Chura. "Umeona? Imetoboa bomba, ikaingia mpaka katikati, ikajiziba yenyewe na kutu. Ndiyo maana ilikuwa inavuja kidogo kidogo. Nani alifunga chuma hiki?"

Mama Sabuni, upande wa pili, aliacha kutabasamu.

"Sijui," alisema mwanawe. "Tulikikuta hivyo hivyo tulipohamia."

"Basi aliyehama alikuwa adui yenu," alisema Chura, na kuanza kubomoa.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Alivunja vigae na tofali moja na nusu, akalifikia bomba la plastiki, akakata kipande kilichotobolewa, akaweka kipya kwa gundi na viungo vyake. Tindo iliteleza mara moja, ikapasua mpaka upande wa pili, na mwanga wa bafu ukaingia chumbani kwa Mama Sabuni kupitia tundu la kupitisha ngumi. Chura alipanda tena akamwaga ndoo zake. Bomba halikutoa hata tone. Aliagiza ukuta uachwe wazi mpaka ukauke ndipo apige plasta, na chuma cha kushikia wakifunge ukuta mwingine, tena wamwite mtu anayejua. Akaaga, akaenda.

Mwana hakutoka bafuni. Mlango ulifungwa kwa ndani. Kupitia tundu lile ikasikika sauti ambayo Mama Sabuni hakuwa ameisikia tangu yule fundi cherehani ana meno ya utotoni. Alikuwa akilia kwa kubana, kwa kwikwi, kitu amekiuma mdomoni ili asisikike. Halafu kukawa na kishindo, na kingine. Alikuwa anajigonga kichwa ukutani, pale pale penye tope, mama yake akiangalia vumbi la plasta likidondoka kutoka upande wake.

"Acha," alinong'ona Mama Sabuni. Hakusikika.

Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalikuwa bado yapo, tayari, makali. Aliyatafuta aone lipi ambalo halitamwua mtu, asilipate.

Mwana alipoingia chumbani alikuwa amenawa uso. Mkwe alikwisha kuleta godoro jingine, kavu, akamlaza Mama juu yake bila kumtazama machoni, na alikuwa bado yuko mlangoni. Mbele yake alisimama mtoto, amekumbatia mto wake. Alikuwa ameambiwa kwamba ulikuwa ukuta. Alisubiri tu ruhusa, mguu mmoja kizingitini, mwingine ndani. Mama Sabuni alikuwa amesogea kadiri alivyoweza, na mkono wake wa kulia ulikuwa tayari unapigapiga ile nafasi ya mtoto.

"Mama," alisema mwana.

"Sema, baba."

"Fundi kasema ni bomba la juu."

"Nimesikia nyundo. Mengine sikuyasikia, masikio yenyewe ndiyo haya."

Alimwona akilimeza hilo, na mabega yakimshuka kidogo. Lakini hakuondoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mama yake, ule wa kushoto, akaubana kwa nguvu. Mama Sabuni alilazimika kuutazama ili ajue kwamba umeshikwa.

"Mama, ilikuwa bomba siku zote? Zote kabisa?" Paji la uso lilikuwa na mchubuko unaovimba. "Hata siku moja haikuwa... wewe?"

Alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, na alimtazama mama yake kama anavyotazamwa daktari. Mama Sabuni alimwangalia yeye, kisha akamwangalia mtoto pale mlangoni na mto wake. Kisha mkono wa kulia uliacha kupigapiga godoro.

"Wewe nawe," alisema. "Ukuta ulikuwa na zamu yake na mimi nilikuwa na zamu yangu. Tulipokezana."

Mwana alitoa pumzi ndefu. Alicheka, au kilikuwa kitu kinachofanana na kicheko, akainamisha kichwa akaubusu ule mkono usiosikia. "Usijali, Mama," alisema. "Si kosa lako. Ni ugonjwa."

"Najua, baba."

Mtoto aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akainua uso kwa mama yake.

"Si mlisema haikuwa Bibi?"

"Ilikuwa Bibi pia," alisema mama yake, akamshika bega, akamgeuza, wakarudi na mto wao.